Mikeka Chini ya Mabati

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopelekwa Garissa kutengeneza nyumba zilizokuwa zikiwapika watu waliomo. Sisemi kwa mzaha. Ukiingia saa nane mchana katika nyumba moja ya maofisa, ulihisi joto likikukalia utosini kama mtu amekutwika sufuria iliyotoka motoni.

Nilizaliwa Witu, na useremala nilijifunza Malindi kwa mjomba wangu. Kontrakta aliyeniajiri alikuwa amepata kazi ya kukarabati nyumba sita ndani ya ua wa serikali. Vita vya shifta, waasi waliotaka eneo lile lijitenge na Kenya, vilikuwa vimeshapamba moto. Malori hayakuenda popote bila msafara wa askari, na jua likishatua hakuna aliyeruhusiwa kuonekana nje. Mama yangu alinisihi nisiende. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuitwa fundi, nisiitwe tena mpwa wa fundi.

Kabla ya vita nyumba zile hazikuwa na tatizo kubwa, kwa kuwa hakuna aliyelala ndani. Watu walitoa vitanda ukumbini au uani, wakalala na upepo wa mto. Sasa amri ilikuwa kila mtu alale ndani, milango imefungwa. Madirisha yalikuwa yamepangiwa magunia ya mchanga hadi kifuani, kwa kuogopa risasi. Na fundi aliyenitangulia alikuwa ameziba kwa mbao nafasi yote kati ya ukuta na paa, ili popo na nyoka wasiingie. Hewa ya moto ilipanda juu, ikakosa pa kutokea, ikarudi kwa wenyewe.

Nilianza na yale niliyoyajua. Nilibandua zile mbao za juu, nikaweka wavu wa waya mahali pake, popo wakabaki nje na hewa ikapita. Nilipaka mabati chokaa nzito, maana bati jeupe halinywi jua kama bati lenye kutu. Upande wa magharibi, ambako ukuta ulichomwa na jua la alasiri, nilijenga kibanda cha fito ili kivuli kiangukie ukutani. Milangoni nilitundika magunia ya katani, nikawaonyesha watumishi jinsi ya kuyalowesha. Gunia bichi likipigwa na upepo huleta ubaridi mzuri sana, ila linataka maji kila saa, na maji yalitoka mtoni kwa mapipa.

Yote hayo yalisaidia, lakini hayakutosha. Nyumba hazikuwa na dari. Bati lilitazamana na kitanda uso kwa uso. Mbao za dari ziliagizwa Nairobi, nasi tukawa tunazingoja pamoja na kila kitu kingine kilichongojwa mwaka ule.

Paa la makuti lingemaliza shida, na kwetu sisi hilo ni jambo la kuzaliwa nalo. Lakini paa lolote la majani lilikatazwa ndani ya ua, kwa hofu ya moto.

Katika kungoja huko ndipo nilipofahamiana na mama mmoja aliyekuwa akileta maziwa kwenye lango la ua. Alikuwa Msomali, mjane, mtu mzima wa kuzidi miaka hamsini, mrefu, mwenye sauti nzito. Aliniita hooyo. Neno hilo maana yake ni mama, na mwanzoni nilidhani ananitania, mpaka nikaelezwa kwamba kwao mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. Siku moja aliniambia upepo umeinua bati la nyumba yake, akaniomba nikampigilie.

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Alikaa kwenye bulla moja, yaani mtaa, pembezoni mwa mji, katika chumba kimoja cha udongo na mabati alichojengewa na mwanawe. Mwana huyo alikuwa dereva wa lori, na vita vilimkuta Wajir. Barabara zilipofungwa alibaki huko, na mama akabaki peke yake.

Nilipigilia bati, nikashuka, akanikaribisha ndani ninywe maziwa. Nilijiandaa kwa lile joto nililolizoea. Badala yake nilipita mlangoni nikakuta ubaridi. Nilisimama nikiangaza macho.

"Hooyo, wewe nashangaa nini?" aliniuliza.

"Nashangaa chumba chako, mama. Mabati haya haya, jua hili hili."

Akacheka, akaonyesha paa kwa kidevu. "Baa ya mabati ni ya kijana yangu. Baridi ni ya mama yangu."

Chini ya mabati, kama shubiri mbili hivi, alikuwa ametundika mikeka sita mizito ya nyumba yake ya zamani, ile nyumba ya fito zilizopindwa ambayo wanawake wa kifugaji huipakia juu ya ngamia na kuhama nayo. Mikeka hiyo wenyewe huiita kebed. Ilifungwa kwa kamba kwenye fito za paa, ikalegea kidogo katikati, na pande zote mbili za chumba aliacha mwanya. Joto la bati liliishia pale juu, upepo ukalizoa na kulitoa nje. Mimi niliyesomea kazi hii sikuwa nimewaza jambo lile.

Alinieleza kwamba mama yake na mashangazi zake walisuka mikeka ile kwa ajili ya harusi yake, msimu mzima wa mvua na nusu ya kiangazi. Alihama nayo kati ya Sangailu na Ijara hadi mumewe alipofariki na ngamia wakaisha kwa ukame. Ikikauka nyuzi hulegea, upepo ukapita. Mvua ikinyesha nyuzi hunywa maji, hunona, zikabanana, tone lisipenye. "Mkeka hii najua hewa kuliko watu," alisema.

Katika nyumba ya tatu ndani ya ua alikaa ofisa mmoja na mkewe, watu wa bara, wa milimani kwenye ukungu. Walikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano. Mtoto yule aliliwa na harara kuanzia shingoni hadi magotini. Alikuwa hanyonyi vizuri, analia hadi sauti inakauka. Tabibu wa zahanati aliwaambia jambo moja tu, wampeleke mahali penye ubaridi. Mama alitaka kurudi kwao, lakini msafara wa mwezi ule haukuwa na nafasi ya wanawake na watoto.

Asubuhi moja nilipokuwa nikilowesha magunia alinijia, mtoto begani.

"Fundi, kwetu tunagombana na baridi. Hili joto silijui. Hakuna unaloweza kufanya, hata la siku chache?"

Nikamweleza habari ya mikeka. Macho yake yalifunguka. "Tuazimie mikeka hiyo basi. Mbao zikija, utairudisha."

Alasiri ile nilikwenda kwa yule mama wa maziwa. Nilimweleza habari ya mtoto. Alisikiliza bila kunitazama, vidole vyake vikichambua ncha ya shuka.

"Mtoto nakuwa na mwezi ngapi?"

"Mitano."

"Mkeka narudi lini?"

"Kabla ya mvua, mama. Mbao zikifika tu."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi.

Akapanda juu ya sanduku lake akaanza kufungua kamba mwenyewe. Nilipotaja malipo alinikatiza kwa mkono. "Mtoto ni ya Mungu. Lakini sikia, hooyo. Funga na kamba. Msumari, hapana. Na ukuta isiguse."

Nilimwitikia. Kesho yake, nilipokuwa juu ya ngazi ndani ya sebule ya ofisa, niliona kamba zitaning'inia vibaya na mikeka italegea katikati, na ofisa alikuwa mtu wa kupenda mistari iliyonyooka. Nikachukua misumari. Niliibana mikeka kwa papi, vipande vyembamba vya mbao, nikaivuta ikakaa kama ngoma, na kingo zake nikazisukuma hadi ukutani ili kusionekane mwanya. Ilipendeza. Nilishuka nikaitazama, nikajipongeza.

Ubaridi ulikuja, ingawa si kama ule wa chumba cha mama, kwa vile upepo niliuzibia njia. Hata hivyo ulitosha. Siku ya tatu mtoto alilala mchana kutwa, na harara ikaanza kukauka. Mama yake alilia mbele yangu bila haya. Ofisa alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Watu wa ua wakaniita fundi wa baridi, na jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Mbao za dari zilifika baada ya wiki nyingi. Nilizipokea mwenyewe kwenye lori, nikazihesabu, nikaona zinatosha. Nilipoanza kuzibeba kuelekea nyumba ya tatu, ofisa alitoka ukumbini.

"Hizo tia ofisini kwangu," alisema. "Hapa umeshatengeneza vizuri. Usituvurugie."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: bwana, ile mikeka si yangu, ni ya mjane mmoja, na nimeapa. Maneno yenyewe ni machache. Nimeyasema mara nyingi tangu siku ile, peke yangu, nikipiga randa au nikitembea. Siku ile nilisema, "Ndiyo, bwana."

Kwa nini? Nilimwogopa kidogo. Niliogopa pia kwamba akiambiwa ubaridi ule ni wa mama muuza maziwa, sitakuwa tena fundi wa baridi. Hilo la pili sikulikiri hadi nilipokuwa mtu mzima.

Mama aliponiuliza langoni, nilimwambia mbao hazijafika.

"Haya, hooyo. Mungu analeta," alisema.

Tangu hapo nilianza kupita njia nyingine nikienda sokoni, lakini mji ulikuwa mdogo. Nilimwona mara kadhaa adhuhuri, ameketi nje ya chumba chake kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akisogea kila kivuli kiliposogea. Ndani kulikuwa hakukaliki tena. Niliona, nikapita.

Kisha amri ikatoka. Watu wa bulla za pembezoni walitakiwa kuhamia katika kijiji kimoja chenye uzio na ulinzi, nje ya mji, na nyumba zilizoachwa zingebomolewa ili mtu asijifiche humo. Asubuhi ya kuhama, askari wa lango alikuja kuniita. Yule mama alikuwa amesimama nje na punda wa kuazima, amepakia fito zake zilizopindwa, vibuyu vya maziwa na lile sanduku.

"Hooyo, leo natoka. Leta mkeka yangu."

Nilikimbia hadi nyumba ya tatu. Ofisa alikuwa safarini. Mkewe alinisikiliza, akatazama juu, akamtazama mtoto aliyekuwa akitambaa sakafuni.

"Fundi, subiri mwenyewe arudi. Siwezi kukuruhusu ubomoe dari bila yeye. Na mtoto bado mdogo."

Ningeweza kumbishia. Ningeweza kwenda kubandua zile mbao mpya ofisini nizilete pale. Nilirudi langoni nikitunga maneno, lakini sikumkuta wa kumwambia. Askari aliniambia watu wote walipewa muda hadi adhuhuri, na msafara wa punda ulikuwa umeshaondoka.

Mvua za masika zilianza siku chache baadaye. Wanaojua Garissa kwa jua lake hawajui inavyokuwa ukilowa ukakosa pa kukauka. Usiku wa mvua upepo hutoka uwandani ukapenya nguo, na udongo haushiki maji, unageuka uji.

Nilipata kibali cha kuingia kile kijiji, kwenda kutengeneza mlango wa ghala. Nilimaliza mapema, nikaanza kumtafuta. Nyumba za fito zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa na mikeka yake, kavu ndani kama alivyonieleza. Yake niliitambua kwa sanduku. Fito zake zilisimama vizuri, lakini juu alikuwa ametandika kipande cha turubai na magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Magunia yalivuja. Turubai halikuvuja, ila halikuruhusu moshi kutoka, na yeye alikuwa amewasha kuni katikati ili apate joto. Nilimkuta ameinama kandokando ya moto, shuka limelowa, anakohoa.

Aliinua uso akanitazama. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: ofisa alikuwa safarini, mbao, lori.

"Mtoto naendeleaje?" aliuliza.

"Hajambo, mama. Amenenepa. Anatambaa."

"Alhamdulillahi."

Hakuuliza lingine. Nilikosa pa kuutumia uongo wangu.

Nikafanya kazi. Nilichimba mfereji kuizunguka nyumba na kuutelemshia bondeni, ili maji yasiingie chini ya malazi. Nilimtengenezea kitanda cha fito chenye kimo cha goti. Moto niliusogeza karibu na mlango, na upande usiopigwa na upepo nikakata tundu juu, nikaliwekea kikofia cha bati ili moshi utoke na mvua isiingie. Jirani yake alitaka kuingiza jiko la mkaa na kufunga kila kitu apate joto. Nilimkataza kwa ukali, kwa kuwa mkaa ndani ya nyumba iliyozibwa huua mtu akiwa amelala. Wiki iliyofuata nilirudi na matita ya majani ya mkoma kutoka kando ya mto, nikabembelezana na walinzi hadi wakaniruhusu, nikamwezekea juu ya yale magunia.

Alipata nafuu. Lakini kikohozi hakikuisha, na majani niliyomwekea hayakuwa ya kukunjwa na kuhama nayo.

Ofisa alihamishwa miezi kadhaa baadaye. Siku walipoondoka, kabla lori lao halijapinda kona, nilikuwa nimeshapanda ngazi. Nilipobandua papi ya kwanza, vumbi lilinimwagikia machoni. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakaingia kwenye kingo nilizozisukuma zikagusana na saruji, wakala kwa nafasi yao. Mikeka minne ilivunjikia mikononi mwangu. Miwili ya katikati ilipona, nayo ilikuwa na matundu ya misumari kila baada ya shubiri.

Nilimpelekea hiyo miwili. Aliuchukua mmoja akauinua kuelekea mlangoni, na mwanga ukapita kwenye kila tundu. Aligusa tundu moja kwa kidole kidogo, kisha lingine.

"Nilikuambia kamba," alisema.

"Mbao zilichelewa, mama," nikamjibu. Hakuwa ameniuliza habari ya mbao. Hata siku ile, mbele ya ushahidi wote, nilimdanganya tena.

Aliikunja mikeka, akaiweka nyuma ya sanduku, akanipa maziwa. Nikayanywa. Mkataba wa kontrakta uliisha mwaka ule ule, nikarudi Malindi bila kumuaga.

Vita vilikwisha. Nilioa, nikapata watoto, na baadaye kazi ikanirudisha Garissa. Safari hii nilifungua karakana yangu karibu na soko la mifugo. Nilijulikana kwa nyumba zisizo na joto. Niliinua mapaa, niliacha mianya, nilitundika mikeka chini ya mabati, kwa kamba, isiguse ukuta. Watu waliponiuliza nilikojifunzia, niliwaambia ni uzoefu.

Mchana mmoja aliingia mwanamume mrefu, mwenye sauti nzito, akataka mlango wa nyumba anayojenga. Tukazungumza huku nikichora. Alisema ni dereva, kwamba wakati wa vita alikwama Wajir zaidi ya miaka miwili, na kwamba mama yake aliishi bulla ya pembezoni kabla ya kupelekwa kijijini. Penseli ilinisimama mkononi.

"Yuko wapi mama sasa?" niliuliza.

"Alikufa Sangailu, fundi. Kifua yake haikubona tangu kule kijijini."

Nikasema inna lillahi. Akaendelea kama mtu aliyekuwa akitafuta wa kumwambia.

"Mimi kuna kitu nanisumbua. Mama yangu alikuwa na mkeka ya harusi, alisukiwa na mama yake, ayeeyo yangu. Niliborudi nikakuta mbili tu, mbovu. Nikauliza, akasema aliuza wakati wa vita, sababu ya njaa. Nikakasirika. Nilimwambia maneno mbaya sana, kwamba ameuza mkono ya mama yake. Hakujibu kitu. Alikufa sijamwomba radhi."

Alikuwa akinitazama. Kati yetu palikuwa na meza tu, na maneno ambayo yangemtua mzigo wote. Nilipaswa kumwambia kwamba mama yake hakuuza kitu, kwamba alitoa kwa ajili ya mtoto wa watu, na aliyeharibu ni mimi. Nilifungua mdomo.

"Mlango uwe wa upana gani?" nikauliza.

Akanipa vipimo. Nilimtengenezea mlango mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, wa mbao nzito, na juu nikaweka vipande vya kupitisha hewa. Nilijiambia nitasema atakapokuja kuuchukua. Alikuja na lori, mkewe na watoto wamekaa juu ya mizigo, na safari ya kwenda kwenye nyumba mpya ilikuwa ndefu. Mkewe aliniamkia kutoka juu. Nilishika mlango upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukaupandisha.